Mara ya Pili, Nani Alikutuma?

Hotuba hii niliitoa hapa Lubumbashi tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi. Wengi mliniandikia kwamba hamkupata nafasi ya kufika. Basi naiweka yote kama nilivyoisema. Nimeacha tu zile picha nilizoonyesha ukutani.

Wazazi wapenzi, walimu wenzangu, ndugu zetu wa Musée, makumbusho ya mji wetu, mliokuja kutusikiliza, na ninyi watoto mliojazana pale nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi!

Asanteni. Sogeeni mbele, viti vipo.

Mnaona nimeshika kopo la maziwa ya unga. Halina maziwa. Lina vikaratasi. Mwezi uliopita niligawa vikaratasi hivi katika darasa langu la tano la sekondari, nikawaambia watoto wasiandike majina. Niliwauliza maswali mawili tu. La kwanza: mara ya kwanza ulipokwenda Musée, nani alikutuma? La pili: kama ulirudi, mara ya pili nani alikutuma?

Nikafungua kopo jioni, nyumbani, bukari, ugali wetu, ikiwa bado jikoni. Swali la kwanza lilijibiwa haraka. "Madamu alisema." "Mwalimu wa historia alitupa TP, kazi ya vitendo." "Ilikuwa na pointi." "Prefe, mkuu wa shule, alisema shule yote inaenda." Kikaratasi baada ya kikaratasi, maneno ni yaleyale. Mtoto alitumwa, akaenda.

Swali la pili, ndugu zangu, wengi waliliacha wazi. Mstari mtupu. Hawakurudi, kwa hiyo hakukuwa na la kuandika. Lakini wachache waliandika kitu, na ni hao wachache walioninyima usingizi. Ni hao ninaotaka kuwazungumzia leo. Maana kumpeleka mtoto Musée mara moja, yeyote mwenye fimbo ya pointi anaweza. Mimi nauliza: mara ya pili, nani alimtuma?

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu sitaki kuonekana nawahukumu wengine.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikitoa kazi ileile. "Nendeni Musée, mwandike kila mlichokiona, mniletee Jumatatu." Niliamini ni kazi nzuri. Siku moja nikaenda nao, nikakaa pembeni. Kulikuwa na msichana mmoja, mwerevu sana, mwandiko safi. Alisimama mbele ya kabati la kwanza, akanakili kibao cha maelezo. Akahamia la pili, akanakili. La tatu, akanakili. Alipita vyumba vyote hivyo, kichwa chini, kalamu mkononi. Kile kibao kidogo alikisoma mpaka nukta ya mwisho. Kitu chenyewe kilichokuwa nyuma ya kioo hakukitazama. Tulipotoka nikamuuliza, "Umependa nini?" Akafungua daftari atafute jibu.

Akafungua daftari, wazazi! Alikuwa ametoka mlangoni dakika mbili zilizopita, na jibu lake lilikuwa kwenye daftari.

Nilimpa pointi zote, kwa sababu kazi niliyomwagiza aliifanya bila kosa. Hakurudi tena Musée. Angerudi kutafuta nini? Vibao vyote alikuwa navyo nyumbani.

Walimu wenzangu, je, ni mtoto aliyekosea?

Sasa niwasimulie habari ya mbali, halafu nitarudi hapa kwetu. Huko Marekani, katika jimbo la Arkansas, kuna mji mdogo unaoitwa Bentonville. Mwaka 2011 lilifunguliwa hapo jumba kubwa la sanaa, Crystal Bridges. Eneo hilo halikuwa na jumba kama hilo kabla, na watoto wengi wa pale hawakuwahi kuingia mahali pa namna hiyo. Jumba likasema: shule zije, gharama ni juu yetu, hata basi, hata chakula cha mchana. Mnajua nini kilitokea? Makundi ya shule 525 yaliomba kuja katika mihula miwili ya kwanza. Hawakuweza kuwapokea wote, wakapiga bahati nasibu.

Watafiti wakaona hiyo ni nafasi ya pekee. Bahati nasibu haimpendelei mwenye akili wala mwenye pesa, kwa hiyo waliochaguliwa na waliokosa wanaweza kulinganishwa kwa haki. Wakawauliza maswali wanafunzi karibu 11,000 wa shule 123, wengine waliofika na wengine waliobaki wakisubiri zamu yao.

Nataka mshike jambo moja kutoka huko. Ziara yenyewe ilikuwa fupi, karibu saa moja tu, na picha walizozisimamia zilikuwa tano hivi. Hawakupita vyumba vyote mbio mbio kama tunavyofanya sisi. Na kiongozi wa ziara hakuwamwagia tarehe na majina. Aliwaachia watoto waseme wanachokiona, wabishane, kisha naye anaongeza neno. Mojawapo ya picha hizo inaonyesha watu porini wakichemsha utomvu wa mti kutengeneza sukari. Wakizungumza, watoto wakaelezwa kwamba wapinga utumwa wa wakati ule waliisifu sukari ya mti huo, kwa sababu sukari ya miwa ilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Wiki kadhaa zikapita. Watafiti wakawauliza watoto kuhusu picha ile. Asilimia 88 walikumbuka habari hiyo ya sukari na watumwa. Hawakuandika mtihani, hakuna aliyewaambia wakariri, hapakuwa na pointi. Walikumbuka kwa sababu walikuwa wameitazama picha wenyewe na kuizungumza kwa midomo yao.

Na hili ndilo linalotuhusu kabisa: watoto wote walipewa kadi ya kurudi na familia zao. Waliokuwa wameshafanya ziara walirudi zaidi kuliko wale ambao hawajafanya, kwa asilimia 18. Mara ya pili, nani aliwatuma?

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiri: sisi hatuna tajiri wa kulipa mabasi. Ni kweli, na nitalirudia jambo la pesa. Lakini kumuuliza mtoto "unaona nini?" ni faranga ngapi?

Basi nikajaribu. Mwaka uliofuata nilipeleka darasa, nikawakataza daftari. Ndiyo, niliwakataza! Wazazi wengine waliona Madamu amechanganyikiwa. Nikasema tutasimama mbele ya kitu kimoja tu, msalaba wa shaba, kipande cha shaba ambacho wazee wetu walikiyeyusha kwa umbo la msalaba.

Ninyi nyote mnaujua msalaba huo. Umo katika nembo, umo katika vinyago vya kuuzwa wageni. Mwaka 1961 uliwekwa hata kwenye sarafu za Katanga, jimbo letu lilipokuwa limejitenga, upande mmoja ndizi, upande mwingine msalaba. Tumeuona mno, mpaka hatuuoni tena.

Tukasimama. Kimya. Nikahesabu moyoni, dakika moja, mbili. Halafu kijana mmoja, ambaye darasani huwa hafungui kinywa, akasema: "Madamu, hii mukuba balikuwa banalipa nayo nini?"

Mukuba, yaani shaba. Baba yake ni mchimbaji. Wale wanaoingia shimoni na patasi na gunia. Yule kijana anajua bei ya kilo kuliko mimi. Kwake yeye shaba si somo, shaba ni minervali, karo ya shule, ni unga, ni kama baba atarudi jioni au hatarudi. Na hapo mbele yake kulikuwa na shaba ya watu wa kale, akauliza swali ambalo mtaalamu wa makaburi ya kale naye huliuliza.

Maana ndivyo ilivyo. Kaskazini mwetu, kule bonde la Upemba, karibu na ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Wataalamu walichimba hapo mwaka 1957 na 1958, na wengine wakaendelea miaka ya 1970, wakakuta makaburi mengi ya watu walioishi hapo tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vyungu vizuri ajabu, mapambo ya shaba, ya chuma, ya pembe. Na misalaba. Sasa sikilizeni jinsi kitu kisicho na maandishi kinavyosema. Katika makaburi ya zamani zaidi yenye misalaba, msalaba ni mkubwa kiasi na umewekwa kifuani mwa marehemu. Karne zikienda, misalaba inakuwa midogo, inakuwa mingi, inafanana ukubwa, na haiko tena kifuani. Iko karibu na mikono, au kiunoni, kama imefungwa pamoja.

Niliwaeleza hivyo watoto, kisha nikanyamaza. Nikawauliza: kitu kikiwa kidogo, kikawa kingi, kikawa na kipimo kimoja, na unakiweka mkononi au kiunoni, hicho ni nini?

"Pesa!" Darasa zima. Mlinzi alikuja kuangalia kuna nini.

Ndugu zangu, hilo ndilo jibu ambalo wataalamu nao walilifikia kwa kupima na kulinganisha kaburi kwa kaburi. Watoto wangu walilifikia wakiwa wamesimama kwenye sakafu ya Musée, kwa sababu mtoto wa mchimbaji aliuliza swali la nyumbani kwao.

Na hakuishia hapo. Akataka kujua: waliyeyushaje bila mashine? Nikamwambia ninachokijua. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, hivi vichuguu vikubwa mnavyoviona njiani mkienda Likasi. Walitia makaa na mawe ya kijani, malakiti, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikatiririka. Kazi ilianza mvua ikishakatika na mtama ukishavunwa. Mwezi kama huu wa sasa, baridi hii hii mliyoamka nayo leo! Mkuu wa kijiji alitangaza safari ya kwenda machimboni, nayo waliita kwenda kula shaba. Kula shaba! Ndiyo maana mpaka leo vitabu vya Kifaransa vinawaita wazee hao walaji wa shaba.

Yule kijana alicheka, akasema, "Basi nasi tunaikula bado."

Mnaona kilichotokea? Sikumfundisha kuipenda historia. Aliikuta historia imekaa mezani kwao, inakula naye. Kijana huyo amerudi Musée, tena na wenzake watatu wa mtaani ambao hata si wanafunzi wangu. Kikaratasi chake nakijua kwa mwandiko, ingawa hakuandika jina. Swali la pili amelijibu hivi: "Nilitaka kuonyesha bandugu yangu ile pesa."

Nitulie kidogo hapo, kwenye neno hilo. *Kuonyesha.* Vikaratasi vingi kati ya vile vichache vyenye jibu la pili vina neno hilo, au mfano wake. Nilitaka kumwonyesha dada. Nilimpeleka binamu aliyetoka Kolwezi. Tulikwenda na marafiki kupiga picha. Sisi watu wazima tunadhani mtoto anakwenda Musée kutafuta elimu. Mtafiti mmoja Mmarekani, John Falk, aliyetumia miaka mingi kuwauliza watu kwa nini wamekuja, anasema sababu zao ni za aina tano hivi. Wapo wanaosukumwa na udadisi. Wapo wanaokuja kwa ajili ya waliofuatana nao. Wapo wanaotaka kusema "nami nimefika". Wapo wenye kazi au ufundi unaohusiana na mahali pale. Na wapo wanaokuja kupumzisha roho tu. Mtu mmoja anaweza kuja Jumatatu kwa sababu hii na Jumamosi kwa sababu ile.

Kupumzisha roho! Msidharau. Kikaratasi kimoja kinasema: "Nyumbani tuko wengi, pale ni kimya." Mtoto wa mtaa wa Katuba, wamelala sita chumba kimoja, redio tatu za majirani, mashine ya kusaga mlango wa pili. Anapanda kombi, anakwenda kukaa mahali penye kivuli na ukimya. Mnataka kumfukuza kwa sababu hakubeba daftari? Mimi namkaribisha mara mbili.

Na wanaokwenda kupiga picha, waacheni wapige pale panaporuhusiwa. Msichana anayejipiga picha mbele ya kinyago kisha anaituma kwa rafiki zake, amewaambia rafiki zake kwamba mahali hapo ni pa kijana kama yeye. Tangazo gani la redio lingeweza kusema hivyo?

Sasa nije kwenye yale yanayowazuia, maana nisipoyasema nitakuwa nimewadanganya.

La kwanza ni hofu. Hofu ya kweli, wala msicheke. Kikaratasi hiki hapa kinasema: "Mama alikataa. Alisema mule beko na mashetani." Mama huyo namwelewa. Amesikia kanisani kwamba vinyago na sanamu ni milango ya pepo, na ana mtoto mmoja tu wa kike, hataki kumpoteza. Sikumwendea kubishana naye juu ya imani, mimi mwenyewe nasali. Nilimwendea nyumbani, nikakaa, akanipa maji, tukazungumza habari za watoto kwanza. Halafu nikamchorea kwenye daftari kitu kinachoitwa lukasa.

Wengine mnaijua. Ni ubao mdogo wa Waluba, wa kushikwa mkononi, umejaa shanga na alama za kuchonga. Kila shanga ina mahali pake. Wale waliofundishwa, watu wa chama cha Mbudye, waliushika kwa mkono mmoja na kupitisha kidole cha mkono wa pili juu ya shanga, huku wakisimulia: mfalme huyu alitoka hapa, akapita pale, akajenga huku, ukoo huu ulipewa kazi ile. Rangi ya shanga, ukubwa wake, jinsi zilivyopangwa, vyote vina maana. Na hakuna aliyeweza kuusoma bila kufunzwa kwa muda mrefu, hatua kwa hatua, kama darasa la kwanza hadi la sita.

Binti yake alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Madamu, kumbe bankambo betu balikuwa banasoma?"

Bankambo, mababu zetu. Mama akamtazama binti yake. Akanitazama mimi. Hakusema ndiyo siku hiyo. Wiki iliyofuata binti alikuja na nauli mkononi, na mama yake alikuwa amemsindikiza mpaka kwenye kituo cha kombi. Wachungaji mliopo hapa, namwona mmoja pale, nawaomba kwa heshima: njooni kwanza nanyi muone, halafu mhubiri.

La pili linalowazuia ni la zamani zaidi, na linaniuma.

Mji wetu ulianzishwa 1910, ukaitwa Elisabethville. Waliouchora waliweka mji wa Wazungu upande mmoja na mtaa wa Waafrika upande wa pili, na katikati wakaacha ukanda mtupu. Mtu mweusi alikuwa na saa zake za kuwa mjini. Zikipita, alihitaji karatasi ya ruhusa. Musée ilizaliwa katika mji huo, mwaka 1946, ikapewa jina la Léopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya nchi hii mali yake. Fikirini. Vyungu vya Sanga, misalaba ya shaba, kazi za mikono ya wazee wetu, chini ya jina hilo.

Marehemu baba yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na baada ya 1967 aliendelea chini ya Gécamines mpaka alipostaafu. Tuliishi commune ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, si nchi ya Kenya. Alipita mjini miaka na miaka. Hakuingia Musée hata siku moja. Nilipokuwa mwalimu nikamchukua, Jumapili moja, amevaa koti lake la kwenda misa. Tulipofika mlangoni alivua kofia, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nitamwomba nani ruhusa?"

Wakati huo mji uliitwa Lubumbashi tangu zamani. Jina la Léopold lilikwishaondolewa. Lakini ukanda ule mtupu baba yangu bado alikuwa amesimama ndani yake.

Ninyi vijana wa huko nyuma, mnadhani ukanda huo umekwisha? Hiki kikaratasi ni cha mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2005: "Pale ni pa bazungu na ba profesa." Nani amemwambia? Hakuna. Amerithi.

Dawa yake mimi nimeiona mara moja ikifanya kazi vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanahistoria wa chuo kikuu chetu, UNILU, profesa Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa mbele yao, walianzisha kazi ya kukusanya kumbukumbu za mji huu. Waliwaendea wakazi wenyewe, wafanyakazi, akina mama, wazee wa mitaa, wakawasikiliza maisha yao, na mambo hayo yakaletwa kwenye maonyesho pale Musée. Maisha ya kambi ya wafanyakazi, ya jikoni, ya mtaani. Yetu. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kenya au Kamalondo aliweza kuingia akakuta mambo aliyoyaishi mwenyewe yamepewa mahali pa heshima.

Mwaka jana nikaiga kidogo, kwa uwezo wangu. Niliwaambia wanafunzi: kabla ya ziara, kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kilichomzidi umri. Mmoja akaleta helmeti ya babu yake, imepasuka ukingoni. Mmoja pasi ya makaa. Mmoja kitambaa cha mama yake cha mwaka alioolewa. Tukavipanga darasani, kila mtoto akaandika kibao chake. Yule msichana wa vibao, kama angekuwa bado darasani kwangu, safari hii angeandika chake mwenyewe! Mwenye helmeti aliandika hivi: "Hii ilikuwa ya nkambo. Hakuna mtu aliyemuuliza ilipasuka namna gani. Nilimuuliza jana."

Baada ya hapo tulipokwenda Musée, watoto walitazama kwa namna nyingine kabisa. Walikuwa wanauliza: nani alikuwa na hiki? Alikichukua wapi? Nani alikileta hapa, na je, aliulizwa? Hilo la mwisho ni swali zito, wazazi, na watoto wetu wana haki ya kuliuliza. Vitu vingi sana vya nchi hii viko Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren. Mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza: "Madamu, anayekopesha ni mwenye kitu, sasa mwenye kitu ni nani?" Sikumjibu. Nikamwambia, swali hilo libebe, litakufikisha chuo kikuu. Mwaka huohuo wa 2022 jino la Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, lilirudishwa nchini, jeneza likapitishwa hata hapa kwetu, Shilatembo, alikouawa tarehe 17 Januari 1961. Hakuna mwalimu aliyelazimika kutoa pointi ili watoto waulize maswali siku zile. Waliuliza usiku na mchana.

Ndugu wa Musée, sasa nawageukia ninyi, na nasema kwa mapenzi kwa sababu najua mnavyofanya kazi kwa shida. Mtoto anarudi mahali anapofahamika. Mlinzi anayemsalimia mtoto kwa "karibu" amefanya zaidi ya bango lolote. Anayemfokea "msiguse, msikimbie, tokeni" kabla mtoto hajafanya kosa, amefunga mlango ambao mimi nitautafutia ufunguo mwaka mzima. Wekeni kitu kimoja, hata kimoja, ambacho mtoto anaruhusiwa kukigusa. Jiwe la malakiti. Mvukuto wa mfano, apulize mwenyewe, achoke, ajue wazee walichoka vipi.

Na pesa, nilisema nitairudia. Nauli ya kombi mbili kwenda na mbili kurudi, mara watoto watano wa nyumba moja, si kitu kidogo, na mzazi asiyetoa simlaumu. Uingereza walifuta kiingilio katika makumbusho makubwa ya taifa mwaka 2001, na watu wakamiminika. Sisi tuombe jambo dogo linalowezekana: siku moja kwa mwezi, mwanafunzi mwenye sare ya bluu na nyeupe aingie bure. Barua nimeiandika, iko mezani pale. Atakayekubali atie sahihi.

Walimu, kwenu nina ombi moja tu. Muhula huu, acheni ile kazi ya "andikeni kila mlichokiona". Chagueni kitu kimoja. Simameni mbele yake. Ulizeni, kisha nyamazeni. Kunyamaza ndiko kugumu, nawaambia. Mimi ulimi uliniwasha.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tunakutana mbele ya lango la Musée. Si ziara ya shule, hakuna pointi, hakuna TP. Yule kijana wa msalaba wa shaba amekubali kutuongoza kwenye kabati lile. Ana maswali mapya mawili aliyoyapata kwa baba yake, kuhusu jinsi wazee walivyojua mahali pa kuchimba kabla ya kupiga jembe. Mimi sina majibu yake. Mwenye mzee nyumbani anayejua habari za machimbo ya zamani, aje naye. Tutamtafutia kiti.